Picha ya Saba Iliyokatwa Pembe

Mpanda, Jumapili, 5 Februari 2023

Mdogo wangu Felista,

Kwa majonzi yasiyozidi kiasi, ninautangazia ukoo wote, kuanzia hapa Mpanda hadi huko kwenu ziwani, kwamba ile ndege iliyochorwa kwenye ukuta wa studio yangu imestaafu rasmi baada ya kuitumikia jamii kwa miaka kumi na tisa. Haikuwahi kuruka. Ilikuwa na mabawa ya kuku na madirisha ya kanisa, na nusu ya wilaya imepigwa picha mbele yake ikijidai imefika Ulaya. Wifi yako Marta ameipaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe, huku akiimba pambio. Rambirambi zitumwe kwangu, siyo kwake.

Hujambo lakini? Watoto wanakula? Sisi wazima. Goti la Marta linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo siku hizi tunalisikiliza kuliko redio.

Najua kwako bado ni msiba. Miezi mitatu si kitu. Lakini baba alikuwa akisema kila msiba unahitaji mjinga mmoja wa kuchekesha watu, na kwenye ukoo wetu nafasi hiyo sikuwahi kupata mpinzani.

Basi, habari yenyewe. Ile kamera niliyonunua mwaka jana kwa dereva aliyekuwa akitembeza wageni mbugani ina lenzi ndefu kama mchi. Yeye alipigia simba. Simba hawaji mjini, kwa hiyo mimi napigia ndege ya abiria, ambayo ikipaa inapinda juu kabisa ya bati la studio. Nataka moja nzuri niikuze, niitundike pale ukutani. Picha ya kwanza ulitoka mkia bila ndege. Ya pili ikatoka ndege bila mkia. Nimeendelea tangu Oktoba, na sasa wanangu wananiita Rubani.

Nakutumia saba kwa ajili ya watoto. Wilbert wa basi la Karema atazifikisha, maana simu yako najua huishiki tangu ile iliyoleta habari ya msiba Novemba. Sikulaumu.

Kaka yako,
Erasmus

*

Kapalamsenga, 26 Februari 2023

Kaka Erasmus,

Shikamoo. Sisi tunaendelea, tunamshukuru Mungu. Mdogo aling'oka jino. Dagaa wapo wachache, na upepo umekuwa mbaya. Mwambie wifi Marta nimepata ile sabuni.

Picha zimefika. Watoto wamegawana sita. Ya saba nimeishika mimi.

Kaka, sijui kama uliiangalia kabla ya kuitia kwenye bahasha. Ndege iko katikati, na pangaboi zake zimesimama kabisa, unaweza kuhesabu visu. Iko kama imetundikwa. Juu ya bawa kuna wingu, na kwenye wingu yuko Adolf.

Usicheke. Siyo wingu linalofanana na mtu. Ni Adolf, mume wangu, kuanzia kichwani hadi kifuani, na ndege inapita katikati ya kifua chake. Ananitazama. Kovu la nyusi lipo. Nywele zimelowa, zimelala kwenye paji la uso. Na amevaa koti.

Adolf hakuwahi kuwa na koti, kaka, unajua. Harusi yetu alivaa shati. Koti mtu wa huku huvalishwa akishakufa.

Nimekumbuka mtumbwi ulivyokutwa: unaelea bila kupinduka, wavu umekunjwa vizuri, kandambili mbili zimepangwa pamoja kama mlangoni, Adolf hayupo, Arcade aliyekwenda naye hayupo. Miezi yote hii nilikuwa nikiuliza alikokwenda. Sasa wewe umemkuta angani.

Nina neno jingine. Wazee wameamua tumalize matanga. Kwa kuwa mwili haukupatikana, tutazika mgomba badala yake, kama ilivyo desturi. Mama mkwe anasema roho isiyo na kaburi inazunguka. Tarehe ni Jumamosi, 20 Mei. Nilikuwa nimekubali. Sasa sijui.

Nieleze hiyo mashine yako inafanyaje kazi. Mtu anawezaje kuingia humo?

Na kwa nini ni hii moja tu iliyokatwa pembe kwa mkasi? Zingine zina tarehe pale chini.

Mdogo wako,
Felista

*

Mpanda, 12 Machi 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera ya jino. Hapa Marta ameanza kufuga bata, na bata wameanza kutufuga sisi.

Nimesoma barua yako mara tatu. Umeniomba nikueleze mashine, nami nitakueleza, ila ujue mwalimu mwenyewe alifeli.

Kuna kitu kinaitwa shata. Ni kama kope la jicho. Ukiliweka lifumbe na kufumbua haraka sana, tuseme sekunde moja ukiikata vipande elfu mbili na kuchukua kimoja, ndege inatoka kali kama wembe. Nami nilifurahi hivyo hivyo. Lakini ndege yetu ni ya pangaboi, na kope la haraka hivyo linaikamata pangaboi kabla haijasogea. Ndiyo maana uliona visu vimesimama. Ndege ilikuwa nzima, inanguruma, bati langu linatetemeka. Picha ndiyo iliyoiua. Wenye ujuzi wanapunguza, hadi sekunde ikatwe vipande mia na ishirini na tano, ili pangaboi itoke kama sahani ya ukungu na uone kwamba inaishi. Shida ni kwamba kope likiwa zito, mkono ukitikisika kidogo tu kila kitu kinakuwa uji. Inabidi uifuate ndege kwa kiuno, taratibu, kama mtu anayegeuka kumtazama mdaiwa wake akipita, na usisimame hata baada ya kubonyeza. Kiuno changu unakijua. Kati ya picha arobaini, moja.

Tena mbingu zinaidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inadhani mchana umezidi, inatia giza, na ndege inatoka nyeusi kama pasi. Unaiongezea mwanga kidogo kwa makusudi. Asubuhi ni bora, jua likiwa chini linaingia hadi tumboni mwa ndege. Na fokasi unaiweka ile inayokimbizana na kitu, siyo ile ya maharusi waliotulia.

Kwa hiyo unaona, kuna mambo mengi yanayoweza kuharibika. Wingu, mwanga, vumbi kwenye lenzi. Pembe nadhani ni panya.

Picha hiyo usiitundike. Nirudishie kwa Wilbert, nitakupigia nzuri zaidi.

Kaka yako,
Erasmus

*

Kapalamsenga, 2 Aprili 2023

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima, isipokuwa mimi silali vizuri. Bata wa wifi nawasalimia.

Panya wa Mpanda wana mkasi. Haya.

Nimeisoma barua yako kwa Mzee Gratien, nikamsomea yote, ya kope na ya kiuno. Alisikiliza kwa heshima, unajua watu waliotoka Burundi walivyo na adabu. Mwisho akasema, "Mwalimu ametufundisha ndege. Sasa atufundishe mtu." Nami nasema hivyo hivyo. Umenieleza spidi, umenieleza mwanga. Adolf hukunieleza.

Picha nimeshaitundika. Mzee Gratien anakuja kila jioni. Anabeba kigoda chake mwenyewe, anakaa mbele ya ukuta, anavua kofia. Anamwuliza Adolf, "Mwana wanje, mwanangu, umemwacha wapi?" Anauliza mara moja tu, kisha anangoja kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kutafuna. Arcade alikuwa mtoto wake wa mwisho, na yeye ndiye aliyemruhusu aende na Adolf siku ile. Baada ya muda anasema, "Basi, kesho," anavaa kofia, anaondoka. Mimi nikiwa jikoni naacha kukoroga, maana nami huwa nasubiri jibu.

Na kuna hili. Ukuta ule unapigwa na jua. Rangi inatoka. Bluu ya mbingu imekwenda kwanza, kisha ndege imeanza kufifia, bawa moja halionekani tena. Yeye hafifii. Kila siku ndege inapungua na Adolf anabaki. Binti yangu Laurence aliifunika kwa khanga. Asubuhi khanga ilikuwa chini. Labda upepo.

Watoto sasa wakisikia ndege juu ya ziwa wanaingia ndani.

Nakuuliza swali, nijibu hilo tu: kwenye picha zako nyingine yumo?

Felista

*

Mpanda, 16 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Mvua imeharibu barabara, Wilbert anasema daraja moja limekwenda na maji, sijui barua hii utaipata lini. Sisi wazima. Bata wawili wameibwa, na Marta ananitazama mimi.

Hapana. Kwenye nyingine hayumo. Nimeangalia zote, mia tatu na kitu.

Nakuomba jambo, na sababu usiniulize. Msizike huo mgomba kwanza. Waambie wazee wasogeze. Waambie kaka yako mkubwa ameota ndoto, waambie lolote. Mzee Gratien mwambie nampa pole.

Erasmus

*

Kapalamsenga, 7 Mei 2023

Kaka,

Barua yako imechukua siku kumi na tisa. Shikamoo. Watoto wazima. Salamu nimefupisha, utanisamehe.

Wazee wamekataa kusogeza. Mama mkwe kasema ndoto ya mtu wa Mpanda haiwezi kusimamisha matanga ya huku. Mgomba wameshauchagua, ule wa nyuma ya nyumba ya Mzee Gratien. Utakatwa mmoja kwa wote wawili, Adolf na Arcade, kwa kuwa walikwenda pamoja. Nimepewa kazi ya kutoa nguo ya marehemu ya kuuvalisha. Nikaona picha hii nayo iingie humo kaburini, ipumzike, nasi tupumzike.

Jana nikaitoa ukutani, nikatoka nayo mlangoni kwenye jua niiage.

Kaka, koti lina vifungo vitatu. Cha katikati kimeshonwa kwa uzi wa kijani.

Ulikuja msibani Novemba na koti lile la studio, lile unalowavalisha wateja wa picha za vitambulisho, kwa sababu ndilo koti lako pekee. Ulipokuwa ukilia kwenye mkeka kifungo kilikatika. Nililichukua nikashona, na nyumbani mwangu hamkuwa na uzi mweusi. Nikatumia uzi wa wavu wa Adolf. Wa kijani. Ukanitania kwamba sasa koti linaweza kuvua dagaa. Ndicho kitu pekee kilichonichekesha wiki ile.

Mimi sina elimu ya mashine. Lakini uzi ule niliutia mimi, siku ya nne ya msiba. Adolf kazama siku nne kabla. Amelivaaje?

Usinieleze kope. Usinieleze panya. Nyie wanaume mnadhani mtu akilia macho hayaoni. Kama mume wangu ni mzimu, niambie ni mzimu. Kama siyo mzimu, basi tarehe ishirini nitamvalisha mgomba nguo za mtu aliye hai, na unajua kwetu wanasema mtu akizikwa yu hai huko aliko hafiki mwaka.

Nakungoja.

Felista

*

Mpanda, Alhamisi, 18 Mei 2023

Mdogo wangu Felista,

Leo sina salamu ya kuchekesha. Nakuandikia mambo yalivyokuwa.

Nilirudi kutoka msibani Jumatatu. Ijumaa yake, tarehe 18 Novemba, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla kukawa na jua kali. Asubuhi nilikuwa nimempiga bibi harusi mmoja ile picha ya kukaa ndani ya glasi ya juisi. Unaijua, wanaipenda. Kamera inapiga mara mbili na kuzilaza picha zote mbili pamoja, moja juu ya nyingine. Alipoondoka nikasahau kuirudisha katika hali ya kawaida. Hicho ndicho kipande nilichokificha kwenye somo langu lote la Machi.

Nikatoka kununua vitumbua. Niliporudi, kwenye kiti cha wateja, mbele ya ile ndege yangu ya mabawa ya kuku, alikuwa amekaa Adolf. Maji yanamtiririka kichwani. Amevaa koti langu, alilitoa msumarini. Mikono ameiweka juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuambiwa atazame hapa.

Siku nne nilikuwa nimelia msiba wake. Felista, sikupiga kelele. Kamera ilikuwa shingoni, na kichwani likanijia neno la bibi, kwamba mzimu hautoki kwenye picha. Basi nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nikampiga. Pale pale ndege ikapita, bati likatetemeka, nami nikakimbilia nje. Watu wangesema nilikimbilia ndege. Nilikuwa namkimbia yeye. Mkono wenyewe ukanyanyua kamera ukabonyeza. Nilipotazama kwenye kioo cha kamera nikamwona yuko mbinguni, na ndege inapita kifuani mwake. Nilikaa kwenye matope na vitumbua vyangu.

Nyuma yangu akasema, "Shemeji, naomba maji ya kunywa."

Mtu aliyekufa majini haombi maji. Ndipo nikajua ni mzima.

Aliyonieleza ni haya. Walikuwa wanarudi, kumekucha, upepo ukageuka. Wimbi moja likamtoa Arcade. Adolf akaruka kumfuata na dumu. Mtumbwi ukaenda zake na upepo, ukiwa vile mlivyoukuta. Wakashika dumu moja wote wawili. Muda mrefu. Halafu, anasema, mkono wa Arcade ulikuwepo kwenye dumu, kisha haukuwepo. Hajui kama aliachia mwenyewe, au kama yeye Adolf alivuta. Hajui hadi leo. Alitupwa ufukweni mbali kupita Karema, akaumwa kwenye kibanda cha wavuvi wasiomjua, na aliposikia kwamba Mzee Gratien anamngoja amwulize, akashindwa kurudi. Akatembea hadi kwangu. Akasema, "Nikirudi peke yangu nitamwambia nini yule mzee? Bora tuwe tumekufa wote." Akaniapisha kwa kaburi la mama. Nami, mtu mwenye huruma za kijinga, nikaapa. Nikampeleka Majimoto kwenye mashamba ya mpunga, ambako anaitwa jina jingine.

Sasa sehemu yangu mbaya zaidi. Umeniuliza kama niliiangalia kabla ya kuitia kwenye bahasha. Niliiangalia. Nilikata ile tarehe kwa mkasi kwa woga wa kiapo, nikaitia, nikaitoa, nikaitia. Nilitaka ujue bila mimi kusema, ili kiapo kibaki kizima na wewe upate mume. Nilidhani nimekuwa mwerevu. Badala yake nilikuletea mzimu nyumbani, nikawatisha watoto, nikamfanya mzee wa watu aombe jibu kwa karatasi miezi mitatu. Ulipoandika habari za kigoda chake, niliificha barua yako Marta asiisome. Niliona haya.

Barua yako ya kifungo ilifika Jumapili. Jumatatu nilipanda pikipiki hadi Majimoto. Nilimkuta ndani ya maji hadi magotini, anapalilia. Sikumhubiria. Nilimsomea tu barua zako zote, pale pale tutani. Nilipofika kwenye "Basi, kesho," akakaa kwenye maji.

Nimevunja kiapo cha kaburi la mama. Mama nitamalizana naye mwenyewe, alinizoea.

Mgomba msiutupe. Arcade hana kaburi, na yeye hatarudi. Jumamosi nitakuja, bila kamera. Zikeni kwa ajili yake peke yake, na kama Mzee Gratien akiridhia, Adolf ataubeba.

Barua hii si Wilbert aliyeileta. Aliyekupa mkononi na kurudi nyuma hatua tatu ndiye yeye. Nimemwambia asiingie ndani mpaka uimalize, na asile chochote mpaka awe amekaa mbele ya Mzee Gratien na kumjibu, uso kwa uso. Amekonda, na nywele amenyoa, kwa hiyo hafanani na picha. Koti amelivaa, usiku wa safari una baridi.

Mshike mkono kwanza, Felista. Ana joto. Nimeupima kabla hajapanda basi.

Erasmus